Zamu Ilikuwa ya Shangazi

Risala ya wafanyakazi wa Chumba cha Mashine kwa Mwenyekiti wa Bodi, siku ya kutangaza matokeo ya namba yetu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi yetu,
Mkurugenzi wetu,
Wajumbe wa Bodi na wakuu wa idara,
Wafanyakazi wenzetu wa ghorofa zote,
Mabibi na mabwana.

Makaribisho

Mgeni rasmi, karibu sana kwetu. Tunajua ngazi za jengo hili ni nyingi na lifti haijapona, na tumekuona ukisimama pale ghorofa ya pili ukijifanya unasoma ubao wa matangazo. Usione haya, sote tunapumzikia palepale. Tunashukuru kwamba hukuishia hapo.

Kabla hatujaendelea, tuna la kuombea radhi. Risala aliyoipitia Mkurugenzi juzi ilikuwa na kurasa mbili, na ilikuwa na adabu zake zote. Hii ina kurasa sita. Mkurugenzi, tunakuheshimu, tafadhali usihangaike kufuatisha kwenye nakala yako, maana hazifanani. Hii tumeiandika watu sita, na kila sentensi iliyomo tumeinyooshea mikono kabla ya kuiacha ibaki. Anayeisoma ni Karani wa chumba chetu. Mtamsikia akijitaja kama anamsema mtu mwingine, Karani alifanya hivi, Karani akasema vile. Hajachanganyikiwa. Maneno ni ya kikundi, yeye ametoa sauti tu, na sauti hiyo ikikwama mahali tunaomba mmvumilie.

Tulikotoka

Chumba cha Mashine kilianza miaka kumi na minne iliyopita kwa kompyuta tano zilizotolewa ofisi za chini kwa sababu ya uzee. Zilipandishwa ghorofa hii zitupwe. Aliyezipangusa vumbi, akazifungua matumbo, akachukua kizima cha hii na kizima cha ile mpaka akapata tatu zinazowaka, alikuwa mpiga chapa wa masjala ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakujua hata kitufe cha kuwashia kilipo. Barua ya kumwachisha kazi, ambayo mgeni rasmi uliitia saini, ina jina lake kamili. Ghorofa hii hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, na hata Mkurugenzi akisahau cheo chake.

Shangazi alijifunza kazi kwa kusoma vitabu vya watu na kuuliza maswali yasiyoisha. Baada ya miaka miwili alikuwa anaandika programu. Baada ya mitano alikuwa anatufundisha sisi tuliokuja na vyeti vyetu vya vyuo mkononi. Chumbani kwetu kuna baridi ya kupoozea mashine, basi alivaa sweta la kijivu mwaka mzima, na ole wake atakayeingia na kikombe. Ukimwambia, "Shangazi, inaonekana iko sawa," alikuwa anakukata hapohapo: "Usiniambie inaonekana. Niambie umeiona." Tulikuwa tunamwigiza akigeuka, na yeye akijua kabisa kwamba tunamwigiza.

Miaka minane iliyopita, tukijaribu mashine mpya, programu ilitutolea namba moja yenye tarakimu elfu ishirini, mia tatu na kumi na moja. Ukiichapa inajaza karatasi saba. Kwa wageni walioiacha hesabu darasani, tueleze kidogo. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Saba ni tasa. Tisa si tasa, tatu inaigawa. Namba ndogo unaimaliza kwa kuiangalia, lakini namba ya karatasi saba huwezi kuijaribu kwa kila kigawanyo, wajukuu wa wajukuu zetu wangezeekea kazini na wasifike popote. Kwa hiyo watu wa hesabu wametunga mitihani ya haraka. Namba isiyo tasa ikipewa mitihani hiyo, karibu kila mara huanguka.

Namba yetu ilifaulu mitihani yote. Tuliirudia mara mia, ikafaulu mara mia. Wengine tukashangilia, tukataka kuiandika kwenye rejista kama namba tasa. Shangazi akatupokonya kalamu. "Karibu kila mara si kila mara," akasema, akaandika kwa wino mwekundu: inadhaniwa.

Mwenzetu mmoja alimtania. "Shangazi, mashine zote zimesema ni tasa. Unataka nini tena, ije yenyewe ikuapie?"

"Nataka ithibitike," akasema.

Ipo programu ya kuthibitisha. Inaichukua namba kubwa na kuifunga kwa nyingine ndogo kidogo, kwa namna ambayo hiyo ndogo ikiwa tasa, basi na kubwa ni tasa bila ubishi. Kisha inaifunga hiyo ndogo kwa nyingine ndogo zaidi, na nyingine, maelfu ya hatua, mpaka inafika kwenye namba ndogo kabisa ambayo mwanafunzi wa shule anaweza kuihakiki kwa penseli. Orodha ya hatua zote hizo ndiyo tunayoiita cheti. Ni kazi ya miezi, mashine zote zikiwa zimeishika pamoja. Shangazi aliiombea ruhusa miaka saba mfululizo, na mwaka jana Mkurugenzi alimkubalia. Kwa hilo Mkurugenzi tunakushukuru kwa dhati, na shukrani hii tulipiga kura sita kwa sita.

Tuliyoyafanikisha

Tumefundisha vijana arobaini na mmoja, na wengi wao sasa wana kazi zao. Tumefika mashine kumi na sita, zote nzima. Paa lililokuwa linavuja tumeliziba wenyewe.

Kazi ya uthibitisho ilipoanza, tulitundika skrini ukutani inayoonyesha tarakimu zilizobaki. Watu wa ghorofa nyingine wakaanza kupita asubuhi kuchungulia imefika wapi, kama watu wanaofuatilia mechi. Katika miezi mitano namba ilishuka kutoka 20,311 mpaka 12,407. Katika kazi hii namba kubwa ndizo zinazokula muda, kwa hiyo sehemu ngumu tulikuwa tumeimaliza. Shangazi alianza kuimbaimba chini kwa chini akifika kazini.

Changamoto

Mgeni rasmi, hapa ndipo risala nyingi huomba viti. Viti tunavyo. Tunaomba utusikilize tu.

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na zamu ilikuwa ya Shangazi. Kulikuwa na mafundi rangi chini, wamekuja kupaka ukuta wa ukumbi wa kuingilia. Shangazi alisikia mmoja akimpigia mwenzake kelele ngazini akazime umeme wa jengo zima, wapate kukwangua pembeni ya soketi bila wasiwasi. Alinyanyuka kitini kabla yule fundi hajamaliza kusema.

"Mdogo wangu, nishikie zamu," akamwambia Karani. "Usiguse kitu. Nashuka kuwazuia hawa."

Alibishana nao dakika arobaini. Tumewauliza mafundi wenyewe, wametuambia alikipa kisanduku cha umeme mgongo, akakunja mikono, akawaambia wakitaka kuzima waanze kwa kumzima yeye. Mwishowe wakakubali kukwangua kwa mkono, taratibu. Sheria ya chumba inasema mwenye zamu haondoki chumbani, na Shangazi aliivunja. Aliivunja kwa ajili ya mashine hizohizo.

Juu alibaki Karani peke yake, sisi wengine zamu zetu zilikuwa bado. Alikuwa na miezi mitatu kazini, bado yuko kwenye majaribio, na mke wake alikuwa mjamzito. Aliipenda kazi hii hata akawa anachelewa kwenda nyumbani. Skrini ilikuwa imeganda kwenye 12,407 kwa siku tisa, na hilo halikumtisha, kwa sababu alishasoma kwamba wakati mwingine programu huchelewa kupata njia ya hatua inayofuata. Ambacho hakukijua, na sisi wakubwa wake hatukumwambia, ni kwamba programu ikikosa njia kabisa hurudi juu hatua kadhaa na kujaribu kwingine. Ikirudi juu, namba inaongezeka. Si ugonjwa. Ndivyo inavyofanya kazi.

Saa nne na dakika ishirini na mbili namba ikabadilika. Karani aliruka kwa furaha, akafungua mdomo aite watu. Halafu akaisoma. Ilikuwa 12,455.

Ilikuwa imepanda. Kuna mwaka diski yetu moja iliharibika ikaandika takataka juu ya kazi nzuri, na hadithi hiyo tunawasimulia wageni kila wiki ili kuwatisha. Tulikuwa tumemtisha vizuri mno. Aliamini diski inaoza tena, na kwamba kila sekunde anayosita, miezi mitano inaliwa. Alikimbilia mlangoni akaita, "Shangazi!" Chini walikuwa wanakwangua ukuta, hakuna aliyemsikia. Akarudi, akaisimamisha programu. Kisha akalifuta faili la kazi, aliloamini limeoza, ili arudishe nakala ya akiba kutoka diski ya pili.

Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki ya kwanza. Diski ya pili ilikuwa imejaa zamani, na barua tatu za Shangazi za kuomba nyingine zilikuwa zimelala kwenye trei za watu. Skrini ikaonyesha 20,298.

Mpaka hapo Karani alikuwa na nia njema, na tunamtetea kwa kila neno. Kilichofuata hakikuwa nia njema. Aliizima skrini ya ukutani. Akarudi mezani kwake, akaanza kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

Shangazi alipanda akihema, vumbi la rangi kichwani, anacheka peke yake. "Nimewaweza! Wanakwangua kwa mkono kama watoto wanaokwangua ukoko. Huku kumekuwaje?"

"Shwari, Shangazi."

Akaiwasha skrini. Akakaa. Aliitazama ile namba, kisha akageuka akamtazama Karani. Karani akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kamati ya nidhamu ilikaa Ijumaa, katika ukumbi huuhuu. Sote tuliitwa, tukakaa safu ile ya dirishani. Rejista ilikuwa na saini ya Shangazi, na sheria ya chumba ilisomwa kwa sauti. Waliuliza ni nani aliyegusa mashine, na Shangazi akajibu, "Zamu ilikuwa yangu." Waliuliza mara tatu, akajibu vilevile mara tatu. Mwishoni aliulizwa kama ana la kuongeza. Aligeuka akaitazama safu yetu, uso kwa uso, mmoja mmoja, akasema, "Mwenye la kuongeza yumo humu."

Karani anasema, na sisi tumemwachia aseme, kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umenyanyuka. Akaurudisha chini.

Kamati iliandika, na nakala tunayo, kwamba "inaelekea kwa kiasi kikubwa" mhusika ni mwenye zamu. Mafundi rangi hawakuulizwa. Kumbukumbu za mashine hazikufunguliwa. Bodi ikasaini, na unga wa Shangazi ukamwagika baada ya miaka kumi na minne, akiwa amebakiza miwili astaafu. Aliondoka na sweta lake na kalamu yake nyekundu. Alimpa kila mtu mkono, na mkono wa Karani aliushika kwa muda mrefu kidogo kuliko yetu, kama anayesubiri kitu.

Mgeni rasmi, sasa tuje kwetu sisi. Wiki mbili baadaye, Fundi wetu wa mitambo aliamua kuzisoma kumbukumbu za mashine. Mle kila amri huandikwa yenyewe, na saa yake, na meza ilikotoka. Amri ya kusimamisha ilitoka meza ya Karani, dakika ambazo Shangazi alikuwa chini ameegemea kisanduku cha umeme. Fundi alituita, akafunga mlango, akatuonyesha. Kisha tukamwita Karani. Hakukana hata neno moja. Alilia mpaka tukaona aibu kumtazama.

Halafu tukafanya nini? Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Tulisema mkewe anajifungua mwezi ujao. Tulisema kazi imeshaanza upya, mambo yanakwenda. Tulisema Shangazi naye alikuwa amechoka, pengine kupumzika kutamfaa. Mtu mmoja alisema hivyo kwa mdomo, sisi wengine tukatikisa vichwa, na mlango ukafunguliwa tukarudi kazini. Hasira ya Karani juu yake mwenyewe ilimfanya akonde, na sisi tukamwambia ale.

Ukae nalo hili, mgeni rasmi. Kwenye mashine Karani alikosea kwa dakika kumi kwa sababu hakuelezwa. Sisi tulikosea kwa nusu mwaka tukiwa tunajua kila kitu. Tunaofanya kazi ya kukataa neno "inadhaniwa", tunaoikatalia namba iliyofaulu mitihani mara mia, tulimwacha mwenzetu aondoke kwa neno "inaelekea", na ushahidi tukiwa nao mezani. Tuna haya. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Kuhusu matokeo yaliyokuleta

Kazi ya pili ilikwenda vizuri. Namba ilipanda mara tatu mbele ya macho yetu, na kila ilipopanda hakuna aliyeshtuka, isipokuwa Karani alitoka nje ya chumba akasimama kwenye ngazi. Wiki tano zilizopita mashine ilimaliza hatua ya mwisho. Cheti kikawa tayari, na Mkurugenzi akapanga siku ya leo.

Lakini mlangoni petu kuna karatasi aliyoibandika Shangazi miaka mingi iliyopita. Inasema cheti hakitangazwi mpaka kikaguliwe hatua kwa hatua na mtu ambaye hakushiriki kukitengeneza, kwenye mashine nyingine, kwa programu nyingine iliyoandikwa na watu wengine. Programu nazo hukosea, na mwenye kazi ndiye wa mwisho kuliona kosa lake. Tukaanza kumtafuta mtu huyo. Sisi sote tulishiriki. Wa ghorofa nyingine hawaijui kazi. Tulikuna vichwa siku nzima, hadi Fundi akasema, "Yupo mmoja. Tulimtoa wenyewe."

Hakuna aliyemtuma Karani. Alisimama akasema anakwenda.

Siku hizi Shangazi yuko kwenye duka la mdogo wake, anawachapia watu barua na kuwatolea nakala. Karani alifika saa tatu asubuhi, akamwona kupitia dirishani akiingiza karatasi kwenye mashine, akapita. Akarudi, akapita tena. Mara ya nne mlango ukafunguliwa.

"Utaumaliza huo mtaa kwa kuupitapita," Shangazi akasema. "Ingia."

Akaingia. Shangazi alimpa kiti, akamalizia nakala za mteja, akamsindikiza mteja mpaka nje. Alipokaa, la kwanza kuuliza lilikuwa, "Mkeo alijifungua salama?"

"Salama, Shangazi. Wa kike."

"Mungu mkubwa. Haya. Umekuja na msamaha au umekuja na kazi?"

"Nimekuja na vyote, Shangazi. Siku ile mimi..."

"Hapana." Alimwinulia kiganja. "Kazi weka mezani. Hilo jingine nalijua tangu siku ile ulipookota kalamu, huna haja ya kunipa habari. Nilikungoja kwenye kamati. Nikakungoja nyumbani. Kila mlango ukigongwa nasema huyo, amekuja. Barua ya Bodi haikuniuma kama ulivyoniuma wewe, mdogo wangu."

Machozi yalimtoka Karani mbele ya mteja aliyekuwa anaingia, na Shangazi akamwambia mteja arudi baada ya nusu saa.

"Nenda kaliseme pale waliponiuliza mimi," akamwambia. "Palepale, na watu wale wale wakiwa wamekaa. Ukilisema hapa kwangu litaishia kwangu."

Kisha akavuta kifurushi chenye cheti, akavaa miwani, na sauti ikarudi ile ya kazini. "Ukaguzi utakula kama siku nzima kwa mashine hii ya dukani. Programu nitaichukua ya wale wengine, si yenu. Mmeshaweka nakala ya akiba?"

"Tatu, Shangazi."

"Ya jana?"

"Ya leo asubuhi."

"Afadhali."

Karani aliuliza kama akimaliza atawapigia simu. Shangazi akacheka, kicheko kikavu. "Simu? Mimi nilitolewa mbele ya watu. Jibu nitalileta mbele ya watu, kwa miguu yangu."

Mgeni rasmi, bahasha ya kaki iliyo mezani mbele yako, iliyoandikwa kwenye ratiba "kukabidhi matokeo", ni tupu. Tunaomba usiifungue mbele ya wapiga picha. Katika ukumbi huu hakuna anayejua kama namba yetu ni tasa. Ukituuliza tunavyoona, tutasema inaelekea kwa kiasi kikubwa. Lakini hatutakwambia imethibitika, maana hatujui, na hatutarudia tena kusema tusichokijua.

Maombi

Tunaiomba Bodi iifute barua ya kumwachisha kazi Shangazi, na iifute kwa maandishi, isomwe kwa sauti, kama ile ya kwanza ilivyosomwa.

Chini ya ratiba yako kuna barua ya Karani. Ameandika alichokifanya, dakika kwa dakika, na haombi chochote. Chini ya saini yake tumeweka zetu tano na kumbukumbu za mashine. Tunaomba asihukumiwe peke yake. Ikiwa kuna wa kuondoka, tuanze kuhesabiwa sote sita kutoka safu hii ya dirishani.

Tulikuwa na ombi la diski. Tumelifuta, lisije likaonekana kama ndilo tulilojia.

Ombi la mwisho haliwezi kungoja kikao cha Bodi. Shangazi yuko getini tangu saa mbili asubuhi. Amevaa lile sweta, ingawa nje kuna jua kali, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo hajamwonyesha mtu. Mlinzi ana maagizo yenye jina lake, kwamba asiingizwe kamwe. Ni mtu mwema, amempa kiti chake mwenyewe, Shangazi amekikataa. Amesema atakaa akishaingia ndani. Mlinzi anasema maagizo yaliyotoka kwa Mwenyekiti hayawezi kuondolewa na mtu mwingine, na hapo amesema kweli. Simu iliyo mezani kwako inafika getini, na inafanya kazi. Namba yake ni sifuri, kisha mbili.

Tunahitimisha

Mgeni rasmi, hatuna zawadi ya kukupa wala cheti cha kukukabidhi. Umetusikiliza bila kutukatiza, na hilo hatutalisahau. Mungu akulinde ukiwa njiani, aibariki nyumba yako na wote wanaokutegemea, na aupe mkono wako wepesi wa kuinua hiyo simu.

Tumekaa kimya. Tunakungoja wewe.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Mashine: sita tuliomo ukumbini, na mmoja aliyesimama getini.